Kobe wa Jiwe na Maneno Kumi na Mawili

Siku ya hitma ya Bi Zuhura, wanawake walipomaliza kusoma na sahani za pilau kuanza kurudi jikoni, binti yake Asha alinivuta pembeni akanitilia ufunguo kiganjani. "Chumba chenu cha juu hatujakigusa," akasema. "Mama alikataa kukipangisha tena. Pandeni mkatazame mnachotaka, kisha tukipake chokaa." Alivyosema pandeni, kwa wingi, nikajua Maulidi yupo nje na wanaume waliotoka msikitini. Miaka minane nilikuwa nikimkwepa Maulidi katika Mji Mkongwe, mahali ambapo kumkwepa mtu ni kazi ya kutwa. Nikimwona Darajani nageuka kama niliyesahau kitu dukani. Nikisikia kuwa yeye ndiye anayeshona nguo za harusi fulani, harusi siendi. Na si kwamba alinikosea. Mimi ndiye niliyempotezea mashine yake ya overloki, ya kukazia kingo za nguo, kabla hajainunua, na kila nilipojaribu kumweleza mtu jambo hilo liliwezekanaje, nilianza vizuri nikaishia kunywa maji.

Chumba chenyewe kilikuwa cha marehemu mume wa Bi Zuhura, fundi saa. Unapanda ngazi za mawe zilizolika katikati, unainamisha kichwa, unakuta meza ndefu yenye vidroo ishirini vya skurubu na kamani, na dirisha moja linalotazama dirisha la jirani kwa karibu sana hata tulikuwa tukijua wanapika nini. Chini, Bi Zuhura alipika mikate ya kumimina ya kuuza, na harufu ya iliki na nazi ilipanda mpaka kwetu ikaingia katika nguo. Kila Jumapili baada ya sala ya alasiri tulikutana pale watu sita au saba kucheza kadi. Si karata za wahindi wanne ambazo wazee wanapigia kelele barazani. Zetu zilikuwa kadi za kukusanya, zenye picha za majoka, mashujaa na wanyama wa ajabu, kila moja na nguvu zake. Unajenga fungu lako, unapigana na fungu la mwenzako, na baina ya mchezo na mchezo mnabadilishana na kuuziana. Zilitufikia kwa vipande, kwa wageni wa mahotelini na kwa jamaa waliorudi safari. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza lakini majina tulizipa sisi. Kadi zisizo na thamani tuliziita makapi. Kimfuko cha plastiki cha kuhifadhia kadi tulikiita soksi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne, nikifanya kazi katika duka la kuchapisha na kulamini vyeti huko Mkunazini, na nakiri kwamba wiki nzima niliishi kwa ajili ya Jumapili.

Aliyetuletea habari ya sarafu za mtandaoni ni Fereji. Fereji alikuwa mpokea wageni katika hoteli moja ya Uroa, kijana wa maneno mengi na shati lililopigwa pasi, na alikuwa hawezi kujua jambo kwa siku moja bila kutaka dunia nzima ilijue kesho yake. Jumapili moja alisimama mbele ya meza ya saa akatutangazia kwamba fedha za karatasi zimekwisha. "Benki hakuna, serikali hakuna, foleni hakuna," akasema. "Wewe na mwenzako na simu zenu, basi." Maulidi, aliyekuwa akichanganya kadi zake polepole kama kawaida yake, akamuuliza, "Na simu ikizima chaji?" Watu wakacheka. Maulidi alikuwa mtu wa Tumbatu, fundi cherehani aliyeajiriwa kwenye duka la mtu, mchezaji mkali kuliko sote, na maswali yake yote yalikuwa mafupi namna hiyo. Lakini mimi sikucheka. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kuona jambo linaishia wapi, na nilikuwa wa kwanza kusema tujaribu. Tukakubaliana mwaka mmoja: ndani ya chumba kile, kadi itauzwa na kununuliwa kwa sarafu hizo tu, shilingi isikanyage. Tulijua si fedha inayotambuliwa. Ndiyo kwanza ikatunogea.

Mtu wa nje wa kwanza kulipwa alikuwa Bi Zuhura. Fereji alishuka chini, tukamfuata wote mpaka jikoni. "Bi Zuhura, leo nnakulipa mkate kwa hela mpya." Yule bibi akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu yake, akamwacha Fereji aifanyie anayoyafanya. Kisha tukangoja. Fereji alikuwa amechagua njia ya bei nafuu, na njia ya bei nafuu ni ya taratibu. Mkate ulipoa. Jirani akaja, akanunua wake kwa noti, akaondoka. Baadaye sana simu ikalia, Fereji akapiga kofi, na Bi Zuhura akaitazama ile tarakimu yenye sifuri nyingi mbele. "Haya, nshaipata," akasema. "Sasa niambie, mwanangu. Muuza mchele wangu ataipokea?" Fereji akamwambia bado, ila atapokea tu, ni suala la muda. "Basi na mimi nitakula mchele kwa muda," akajibu, akageuka kwenye jiko lake. Hakukasirika. Tangu siku hiyo, kila Jumapili tukimpita pale mlangoni na shikamoo zetu, baada ya marahaba aliuliza, "Fereji, ule mkate wangu leo bei gani?" Wiki moja umepanda, wiki ya pili umeshuka, wiki ya tatu umepanda mara mbili. Siku moja akatikisa kichwa akasema, "Mkate umeliwa mwezi uliopita, mpaka leo haujajua bei yake."

Nilidhani ni mzaha tu wa Bi Zuhura, kumbe alikuwa ametusemea sote. Kwani juu, chumbani, jambo la ajabu lilianza kutokea na mimi nililitazama kwa furaha ya mtu anayeangalia chungu wakihama. Sarafu zikipanda, hakuna aliyetaka kuzitoa: utampaje mwenzako leo kitu ambacho kesho kitanunua kadi mbili? Zikishuka, hakuna aliyetaka kuzipokea. Watu walianza kupatana bei, mmoja anachungulia simu, anasema ngoja kidogo, wanapatana tena, yule mwingine naye anachungulia. Biashara iliyokuwa ikichukua dakika tano ikawa haifiki mwisho. Kadi zikakaa kwenye majalada yake. Baada ya miezi mitatu wenzetu wakaanza kubadilishana kadi kwa kadi, na panapobaki tofauti ndogo wanaijazia kwa kipande cha mkate wa kumimina. Fereji alikuwa akila ile chenji huku akituhubiria kwamba fedha za zamani zimekufa.

Lakini kulikuwa na mauzo makubwa ya mara moja tu, na hayo ndiyo yaliyoniharibia. Maulidi alikuwa na kadi tuliyoiita Nyoka wa Shaba, inayong'aa ukiigeuza, kadi ambayo sijaiona nyingine. Aliipata kwa kushinda michezo na kubadilisha makapi kwa kadi afadhali, na afadhali kwa nzuri, miaka minne. Mgeni mmoja kule hotelini Uroa alipoambiwa na Fereji kwamba kadi hiyo iko Unguja, alikuja mjini mwenyewe kuitazama, akaishika kwa ncha za vidole, na akataja bei. Hakuwa na fedha taslimu ya kiasi hicho. Alikuwa na sarafu. Maulidi akakubali, kwa sababu kiasi kile kilitosha kununua mashine ya overloki iliyotumika kidogo, na mwenye mashine yake ya overloki haajiriwi na mtu. Alitaka kuzibadilisha kuwa shilingi wiki ile ile. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. "Tumtafute mwenye mashine anayepokea hivi hivi," nikamwambia. "Tuone kitu kimoja kikubwa, kitu cha chuma, kikinunuliwa kwa sarafu hizi, mwaka haujesha." Akanitazama, akasema, "Wewe, Raya, unapenda kuona." Akasubiri kwa ajili yangu.

Sarafu hizo zina ufunguo wake, na ufunguo wenyewe ni maneno kumi na mawili ya Kiingereza, ya kawaida tu, kwa mpangilio maalumu. Ukiwa nayo, fedha ni zako hata simu ikiungua. Ukiyapoteza, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Maulidi aliishi chumba kimoja na vijana wengine watatu, akasema hawezi kuweka karatasi ile kwake. Akanipa mimi, mtu wa mafaili. Nikaona nimpate mwizi kwa akili. Nani anayekijua chumba chetu angepekua makapi? Nikakunja kile kikaratasi, nikakitia ndani ya soksi nyuma ya kadi moja ya Kobe wa Jiwe, kadi duni kabisa, tena kobe mwenye sura ya usingizi, nikamchanganya na makapi wenzake kwenye boksi la viatu ndani ya kidroo cha fundi saa. Mimi, niliyekuwa nikilamini vyeti vya watu kutwa nzima, sikulamini karatasi ile. Ingelaminiwa isingeingia kwenye soksi.

Na tulikuwa na desturi moja niliyoipenda kuliko zote: mgeni wa chumba hanunui kadi zake za kwanza. Anapewa fungu la karibu, kadi thelathini, kutoka kwenye makapi. Mwezi mmoja hivi kabla ya mwaka kwisha alipanda ngazi mwanamke wa Jambiani, Mwanakombo, mkulima wa mwani aliyekuwa akimletea Bi Zuhura sabuni za mwani. Alikuja kuuliza makelele yale ni ya nini. Alikaa, akacheza, akanifunga mchezo wa tatu, akacheka kwa sauti ya watu watatu. Nilifurahi mno kupata mwanamke mwenzangu hata nikafungua kidroo, nikachota makapi thelathini, nikamkabidhi kwa mikono miwili. "Karibu," nikamwambia. Mkono wangu mwenyewe.

Wiki tatu hivi baadaye simu ya Maulidi ilitumbukia majini alipokuwa akishuka kwao Tumbatu. Alikuja dukani kwangu wala hana wasiwasi. "Simu imekufa," akasema. "Maneno si unayo?" Nikamwambia ninayo, twende. Tulipekua kidroo kile, tukapekua vyote ishirini, tukamwaga skurubu zote mezani. Maulidi aliokota skurubu moja moja akizirudisha mahali pake, kisha akauliza, "Mara ya mwisho ulimpa nani makapi?"

Fereji aliazima gari ya mjomba wake tukaenda Jambiani sote watatu. Maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake walikuwa wamekaa bandani juu ya mchanga wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba, mbegu moja fundo moja, kamba nzima mpaka mwisho, tayari kuipeleka kwenye vigingi baharini. Mwanakombo alitupokea kwa vifijo. Nilipomuuliza kadi zake ziko wapi, akanyoosha mkono kwa wenzake. "Nshazigawa. Hatuzichezi, tunafungiana." Akanieleza, na hapo, Mungu anisamehe, nilisahau kwa dakika nzima kilichotuleta. Kumbe wanawake wale husaidiana kufunga kamba: leo mimi kwako, kesho wewe kwangu. Zamani walikumbuka kwa kichwa, na kila mwezi kulikuwa na ugomvi wa nani alimfungia nani. Sasa ukinifungia kamba nakupa kadi. Ukitaka ufungiwe, unaitoa. Kadi moja, kamba moja. Zilikuwa zimefungwa kwenye mapindo ya kanga zao, ndani ya soksi zake. Nikauliza, na kama mtu hataki kamba? "Bi Mtumwa jana kanunulia pweza," akajibu Mwanakombo. "Muuza pweza kaipokea, kwani mkewe ana mwani." Nikamkumbuka Bi Zuhura na muuza mchele wake. Mwaka mzima tulihangaika na simu zetu, na makapi yetu yalikuwa Jambiani yakifanya kazi.

Kobe alikuwa kwa huyo huyo Bi Mtumwa, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tukampa shikamoo, Maulidi akaomba aitazame kadi tu. "Marahaba. Kobe huyu ana kamba yake," akasema. "Nikufungulie, ukaondoka naye, nani atanifungia?" Fereji akatoa noti. Bi Mtumwa hakuitazama. Basi Maulidi akakunja suruali, akakaa mchangani, akavuta kamba. Alikuwa na vidole vya fundi. Baada ya mafundo kumi wanawake waliacha kazi zao wakamtazama. Mimi nilikaa pembeni nimejifunika uso kwa mtandio na sikufunga hata fundo moja. Alipomaliza, Bi Mtumwa aliipitia kamba yote kwa mkono, akafungua pindo la kanga, akampa Kobe.

Kikaratasi kilikuwemo. Lakini pindo lile lilikuwa limeingia baharini na mwenyewe kila siku, na soksi iko wazi upande wa juu. Maulidi alikifungua kwa utaratibu, kikaachana mkononi mwake vipande viwili, na wino ulikuwa umekuwa doa moja la buluu. Yalisomeka maneno mawili, labda matatu. Fereji alianza kusema kitu juu ya kompyuta, akakiacha katikati. Garini, tukirudi, Maulidi aligeuka akaniambia, "Si kitu, Raya." Ningeweza kustahimili matusi. Hiyo "si kitu" yake ndiyo niliyoikimbia miaka minane. Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata sikuja mimi.

Basi siku ya hitma tulipanda ngazi zile zile, mimi, Maulidi, na Fereji aliyekuwa likizo kutoka Muscat, ameota kitambi. Vidroo vilikuwepo vyote. Fereji hakuweza kujizuia. Akatoa simu, akagusagusa, akaiweka juu ya meza ya saa. "Tazameni. Zipo." Na kweli zilikuwepo, sarafu za Maulidi, mahali pale pale zilipoingia siku ile, kila mtu duniani anaweza kuziona na hakuna wa kuzigusa. "Leo zinanunua mashine sita," akasema Fereji. Maulidi akamwambia kwa upole aifunge.

Nikaona nisiposema siku ile sitasema tena. "Nisamehe, Maulidi," nikasema. Alivuta kiti cha fundi saa akakaa. Mvi zilikuwa zimemwingia kandokando ya masikio. "Nilikwambia si kitu," akasema. "Ilikuwa kitu. Nimekaa na cherehani ya watu miaka mitatu zaidi. Nilikuwa nikikuona unavuka barabara, nikisema moyoni, mwache avuke." Chini tukawasikia wanawake wakikosha masufuria. "Sasa nimechoka kukuona unavuka." Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa Kobe wa Jiwe ndani ya soksi yake iliyogeuka njano. "Sikuwahi kumtumia. Sina mwani mimi. Mchukue wewe, si ndiwe uliyetaka kuona kitu kikinunuliwa? Nenda ukaone kama bado anapokelewa."

Nilikwenda Jambiani siku ya tatu yake. Bi Mtumwa alikuwa bandani, amezeeka, miwani mipya, uzi ule ule. Nilimpa shikamoo nikamtolea Kobe bila neno jingine. Alimgeuza, akamsogeza karibu na macho, akacheka kidogo. Kisha aliweka chini kamba aliyokuwa akiifunga, akajifuta mikono, akanitazama tayari kwa kazi. "Haya, mwanangu. Kamba yako iko wapi?"

Nililia pale mbele za watu, sikujali. Nikamwambia sina kamba wala mwani, nimekuja kumfungia yake. Akanisogezea nafasi. Nilifunga mpaka maji yakaanza kurudi, vidole vikachubuka, nikamkabidhi. Aliipitia kwa mkono kama alivyoipitia ya Maulidi, akafungua mafundo matatu, akanirudishia. "Haya rudia," akasema.

Nikarudia.